Mwongozaji wa Vugiri

Nilimfahamu Howard Hawks kabla ya kuifahamu Vugiri, na hilo bado linanikera. Kwenye semina ya uzamili niliwasilisha kazi kuhusu maisha yake ya uongozaji: Scarface (1932), Bringing Up Baby (1938), Rio Bravo (1959), halafu Hatari!, aliyoipiga Tanganyika, upande wa Arusha, ikatoka 1962 ikiwa na John Wayne na neno letu kwenye bango. Mhadhiri akauliza swali moja tu: kabla ya Hawks, nani aliongoza filamu Tanganyika? Nikabaki kimya.

Jibu lilikuwa Korogwe. Nimekulia Handeni, na Korogwe ndiko tulikobadilishia basi.

Vugiri iko milimani, juu ya Korogwe. Kuanzia 1935 hadi 1937 palikuwa makao ya Bantu Educational Kinema Experiment, mradi wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari uliolipiwa kwa sehemu kubwa na Carnegie Corporation ya New York. Kwa hiyo fedha ya Marekani ilifika kwetu kutengeneza sinema miaka 25 kabla ya John Wayne. Mwongozaji, Meja L. A. Notcutt, alikuwa Mwingereza, wala hakutokea studio yoyote kubwa. Aliwahi kusimamia mashamba ya mkonge, na wazo la sinema lilimjia huko: vibarua wakipata burudani, watatulia shambani. Aliyekulia karibu na mkonge haelezwi zaidi.

Zilitengenezwa filamu kama 35, kwenye mikanda ya milimita 16, sauti ikiwa kwenye santuri ili maelezo yabadilishwe lugha kwa lugha. Lori likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waigizaji walikuwa Waafrika.

Mojawapo iliitwa Post Office Savings Bank. Vibarua wawili wanapata mshahara. Mmoja anaweka posta, mwenzake anafukia nyumbani na kuibiwa. Sijaiona. Nimesoma habari zake tu, zikanikumbusha kopo la maziwa ambalo bibi yangu alilifukia chini ya kitanda, Handeni, likiwa na fedha za mahindi. Nikampigia simu kumsimulia.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "huyo mwizi alijuaje pa kuchimba? Nani alimwonyesha?"

Sikuwa na jibu. Nadhani Notcutt naye hakuwahi kuulizwa. Filamu yake ilitaka tuone ujinga wa mwenye fedha. Bibi yangu aliona tundu kwenye hadithi, na posta iliyokuwa mbali hakuisahau.

Serikali za Afrika Mashariki hazikutaka kuendelea kuugharimia mradi, ukafungwa 1937. Mwaka huohuo Notcutt na mwenzake Latham walichapisha kitabu, The African and the Cinema. Hawks aliendelea kuongoza hadi Rio Lobo, 1970, na filamu zake unazipata kirahisi hata leo. Za Vugiri zimebaki chache mno, na zipo kwenye hifadhi ya British Film Institute.

Likizo iliyopita nilipanda Vugiri kwa bodaboda kutoka Korogwe, kuuliza kama kuna ukoo unaokumbuka babu aliyeigiza. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akanikaribisha kiti.

"Sasa mjukuu wangu, umekuja nayo hiyo filamu tuitazame?"

Nilikuwa na daftari tu.