Jina la Marehemu kwa Mtoto Mchanga: Hoja Dhidi ya Nadharia ya Wazazi Wasiojali

Mwaka 1977 mwanahistoria Lawrence Stone alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu familia na ndoa nchini Uingereza kati ya mwaka 1500 na 1800. Miongoni mwa ushahidi alioutegemea ni desturi inayomshangaza msomaji wa leo. Wazazi walimpa mtoto mchanga jina la ndugu yake aliyefariki, na katika zama za kati walidiriki hata kuwapa jina moja watoto wawili walio hai. Kwa Stone, desturi ya kwanza ilidhihirisha kwamba mzazi hakumwona mtoto kuwa mtu wa pekee mwenye jina lake mwenyewe. Ya pili aliielewa kuwa tahadhari: kati ya akina John wawili, huenda mmoja akapona. Aliyajumuisha hayo katika dai pana zaidi, kwamba vifo vya watoto vilikuwa vingi kiasi cha wazazi kujizuia wasiwapende mno. Mwanahistoria Philippe Ariès alikuwa ametangulia kutoa wazo linalokaribiana na hilo mwaka 1960, na tangu hapo limezoeleka mno katika vitabu vya historia ya jamii.

Makala haya yanaipinga tafsiri hiyo. Ninadai kwamba katika jamii hizo jina halikuwa mali ya mtoto. Lilikuwa amana ya ukoo, au ya msimamizi wa ubatizo, na mtoto alikabidhiwa alibebe kwa muda aliojaaliwa kuishi. Alipofariki, amana ilibaki bila mchukuzi, na aliyezaliwa baadaye akakabidhiwa. Kutokana na kitendo hicho pekee hatuwezi kupima huzuni ya mzazi, iwe nyingi au kidogo. Ili kuipima tunahitaji ushahidi wa aina nyingine, na pale unapopatikana hauungi mkono dai la Stone ila kwa sehemu ndogo.

Hakuna anayebisha kwamba vifo vilikuwa vingi. Katika Uingereza ya karne ya 16 na 17, takribani mtoto mmoja kati ya wanne hakufikisha umri wa miaka kumi. Isitoshe, majina yaliyotumika yalikuwa machache: John, Thomas, William, Richard na Robert peke yake yalibebwa na zaidi ya nusu ya wanaume. Familia yenye watoto wanane au kumi, ikichota katika hazina ndogo namna hiyo, ilikuwa vigumu isirudie jina.

Shahidi wangu wa kwanza ni Ralph Josselin, mchungaji wa kijiji cha Earls Colne, mkoa wa Essex, aliyeandika shajara kwa takribani miaka arobaini. Mwezi Februari 1648 alipata mtoto wa kiume akamwita Ralph, jina lake yeye mwenyewe. Mtoto huyo aliishi siku kumi tu. Mwaka uliofuata akazaliwa mvulana mwingine, naye akaitwa Ralph. Kisha, katika siku za mwisho za Mei 1650, binti yake mkubwa, Mary, akafariki akiwa na umri wa miaka minane, na kabla ya juma kupita, Ralph wa pili naye akamfuata dada yake.

Kuhusu yule wa siku kumi, Josselin aliandika waziwazi kwamba mapenzi yao kwake yalikuwa bado hayajakita mizizi. Wafuasi wa Stone wana haki ya kulishika hilo, na sioni sababu ya kulificha. Lakini alichoandika kuhusu Mary ni kilio cha baba. Anamtaja binti yake kwa maneno ya manukato na thamani, anazikumbuka akili zake, upole wake na usomaji wake, na anasimulia alivyomsindikiza kaburini. Baada ya msiba huo alipata mtoto wa kiume, halafu mwaka 1654 binti aliyeitwa Anne. Jina la Mary lilirudi mwaka 1658, miaka minane baada ya mwenyewe kuzikwa, likapewa binti mwingine. Kama kurudia jina kungekuwa njia ya kuziba pengo haraka na kusahau, Anne ndiye angeitwa Mary. Na kama kungekuwa dalili ya kutojali, basi mtoto aliyeliliwa kuliko wote katika shajara ile ndiye ambaye jina lake lisingerudiwa. Linda Pollock, aliyechunguza mamia ya shajara na kumbukumbu za Waingereza na Wamarekani katika kitabu chake cha mwaka 1983, alikuta huzuni ya namna hii tena na tena. Kwa maoni yangu, baada ya kazi yake mzigo wa kuthibitisha uko kwa wanaodai kwamba wazazi wa kale walikuwa na moyo mkavu.

Kwa nini basi jina lirudi? Familia ya Beethoven inatupa jibu lililo wazi. Mwezi Aprili 1769, mjini Bonn, walimbatiza mtoto kwa jina la Ludwig Maria, akafariki baada ya siku chache. Tarehe 17 Desemba 1770 walibatiza mwingine, Ludwig, huyu ambaye dunia nzima inamjua. Ludwig lilikuwa jina la babu yao mzaa baba, aliyekuwa mkuu wa wanamuziki katika jumba la mtawala wa Bonn na mtu mwenye heshima kubwa pale mjini. Babu huyo ndiye aliyesimamia ubatizo wa mjukuu wa mwaka 1770. Alikuwa hai, amesimama pale kanisani, na bado hakuwa na mjukuu mwenye jina lake. Kumpa mtoto jina jingine kungekuwa kumnyima babu haki yake kwa sababu tu mtoto wa kwanza hakujaaliwa uhai.

Yaliyotokea baadaye yanafundisha kitu kingine. Beethoven alikua akiamini kwamba umri wake ni mdogo kuliko ulivyokuwa. Mwaka 1810 alipohitaji cheti cha ubatizo, alimwandikia rafiki yake Wegeler amtafutie, akamtahadharisha asichanganye, kwa kuwa kulikuwa na ndugu aliyemtangulia, naye aliitwa Ludwig. Cheti kilipofika kikiwa sahihi, alikikataa akidhani ni cha marehemu. Kama mwenye jina mwenyewe alipotoshwa na wajina wake aliyelala kaburini, mtafiti wa leo anayesoma rejesta hizohizo hana budi kwenda taratibu.

Suala la ndugu walio hai ni gumu zaidi, na ndilo Stone alilolitafsiri vibaya kuliko yote. Familia ya Paston ya Norfolk imetuachia barua nyingi za karne ya 15. John Paston, aliyefariki mwaka 1466, alikuwa na wana wawili walioitwa John, mmoja aliyezaliwa mwaka 1442 na mwingine mwaka 1444. Wote wawili walifika utu uzima na kupewa hadhi ya ushujaa. Nyumbani waliwatofautisha kwa kusema mkubwa na mdogo. Mwaka 1469 mtawala wa Norfolk alipoizingira ngome yao ya Caister, John mdogo ndiye aliyeongoza ulinzi ndani ya ngome, na John mkubwa alikuwa London akihangaikia kesi na misaada. Barua za familia za miezi ile hazionyeshi mkanganyiko wowote. Mama yao, Margaret, anamkaripia mmoja kwa uzembe na kumhurumia mwingine kwa hatari aliyomo, na kila mmoja ana tabia zake, madeni yake na mapenzi yake. Aliyesoma barua hizo hawezi kusema kwamba mama huyo alishindwa kuwaona wanawe kuwa watu wawili.

Utaratibu wa kanisa ndio unaofafanua hali hiyo. Katika Uingereza ya wakati ule, mara nyingi msimamizi mkuu wa ubatizo ndiye aliyempa mtoto jina, na mara nyingi alimpa la kwake. Wazazi waliowaalika wakubwa wawili wenye jina moja walipata watoto wawili wenye jina moja, kwa sababu kila mkubwa alistahili heshima yake. Familia za watawala nazo zilikuwa hivyohivyo. John Dudley, mtawala wa Northumberland, alikuwa na wana wawili walioitwa Henry, mmoja akafia Boulogne mwaka 1544 na mwingine Saint-Quentin mwaka 1557.

Wala hili si jambo la Wakristo wa Ulaya peke yao. Waislamu wa mwambao wanavifahamu vita vya Karbala vya mwaka 680, na wapokezi wengi wa historia wanataja zaidi ya Ali mmoja miongoni mwa wana wa Imamu Huseni: Ali Akbar aliyeuawa siku ile, na Ali Zainul Abidin aliyebaki hai na kuendeleza kizazi. Katika mapokezi ya Kishia, Huseni anaeleza kwamba hata angejaaliwa wana mia angependa wote waitwe Ali. Jina lilikuwa la baba yake, na sababu ya kulirudia ilikuwa mapenzi kwa baba huyo.

Nadhani msomaji wa Afrika Mashariki ana uzoefu ambao Stone hakuwa nao. Kwetu, mwanamume aliyempa mwanawe jina la baba yake mzazi humwita mtoto huyo "baba," na wala hatanii. Shangazi hawezi kumtukana mtoto mwenye jina la mama yake. Miongoni mwa Wakikuyu, mwana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba na wa pili kwa babu mzaa mama. Utaratibu huo huyaweka majina tayari kabla ya mimba kutungwa, na mababu wakiwa wajina, wajukuu nao wanaweza kuwa wajina. Hakuna anayehitimisha kwamba wazazi hao hawawatofautishi watoto wao.

Ushahidi mmoja unanikabili. Edward Gibbon, mwanahistoria wa Roma aliyezaliwa mwaka 1737, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba afya yake ilikuwa dhaifu mno hata baba yake akalirudia jina la Edward kwa wadogo zake, ili akifa yeye jina lisipotee katika familia. Inaonekana kama maelezo yaleyale ya Stone. Lakini tuyasome vizuri: kilichohofiwa kupotea ni jina, na jina hilo lilikuwa la baba yake na la babu yake pia. Maneno ya Gibbon yanathibitisha kwamba jina lilikuwa amana. Kuhusu kiasi cha mapenzi ya wazazi wake, hayasemi kitu.

Katika karne ya 19 mambo yalibadilika. Jina lilianza kuhesabiwa kuwa la mtu binafsi, na hapo ndipo kulirudia kulipoanza kuumiza. Vincent van Gogh alizaliwa tarehe 30 Machi 1853, mwaka mmoja kamili baada ya kaka yake Vincent kuzaliwa akiwa amekufa. Salvador Dalí, aliyezaliwa mwaka 1904, alilemewa maisha yake yote na kivuli cha kaka yake Salvador, aliyefariki mwaka 1903. Tunakosea tunapoichukua hofu ya Dalí na kumvisha mtoto wa mwaka 1658, yule Mary wa pili wa Josselin.

Lipo pia suala la mbinu. Rejesta za parokia nchini Uingereza zilianza kwa amri ya mwaka 1538. Katika rejesta ya Stratford, John Shakespeare na mkewe Mary, wazazi wa mwandishi William Shakespeare, walimbatiza Joan mwaka 1558, kisha Joan mwingine mwaka 1569. Mazishi ya Joan wa kwanza hayakuandikwa. Waandishi wa maisha ya Shakespeare husema alifariki kwa kuwa wa pili alipewa jina lake. Huenda ni kweli, na wosia wa kaka yao wa mwaka 1616 unamtaja dada mmoja tu. Lakini akina Paston wanatuonya kwamba jina kurudiwa, likiwa peke yake, halitoshi kuthibitisha kifo.

Watafiti wetu wanaoanza kuzifungua rejesta za misheni za karne ya 19, kama zile za Bagamoyo, ambako misheni ilianzishwa mwaka 1868, watakutana na majina ya watakatifu yakijirudia ukurasa baada ya ukurasa. Nawasihi wasome rejesta ya ubatizo pamoja na ya mazishi na ya ndoa, waangalie jina la msimamizi kabla ya umri wa mtoto, na wasimtangaze mtoto yeyote kuwa amekufa, wala mzazi yeyote kuwa hakujali, kwa kuwa tu jina limeandikwa mara mbili.