Kitabu Gani cha Mashine Kujifunza? Tuanzie 1958



Vijana wetu hawaachi kutuuliza: "Mjomba, nisome kitabu gani niijue hii elimu ya mashine kujifunza?" Na sisi, kwa kuwa tuna shahada, tunamtajia kile tulichosoma wenyewe, basi. Tunampa jina la kitabu bila ya historia yake, na kijana anaweza kupoteza mwaka mzima pamoja na pesa za mzee wake. Vitabu vya fani hii vimebeba ugomvi wa zamani, na anayeanza hawezi kuuona.

Mwaka 1958 Frank Rosenblatt, akiwa Buffalo, Marekani, alieleza perseptroni yake, yaani mashine inayorekebisha uzito wa viungo vyake kila inapokosea. Magazeti yakashangilia. Mwaka 1969 Marvin Minsky na Seymour Papert wa MIT wakatoa kitabu, Perceptrons, wakathibitisha kwa hesabu kwamba mashine ya tabaka moja inashindwa hata jambo dogo sana: kujua kwamba kati ya vitu viwili, kimoja tu ndicho kweli, si vyote viwili. Hesabu ile ilikuwa sahihi na mpaka leo ni sahihi. Lakini waliongeza na dhana yao, kwamba kuzidisha tabaka pengine hakutafaa kitu, na hiyo haikuwa hesabu! Wasomaji wengi hawakuyatenganisha hayo mawili. Rosenblatt alifariki 1971 katika ajali ya mashua, siku aliyotimiza miaka 43. Hakuwahi kuona 1986, pale Rumelhart, Hinton na Williams walipoonyesha katika jarida la Nature namna ya kuzifundisha tabaka nyingi.

Mfano unaonivutia zaidi, lakini, ni wa mtu mmoja, Christopher Bishop, Mwingereza. Kitabu chake cha 1995 chote ni mitandao ya nyuroni. Cha 2006, ambacho wengi wetu ndicho tunachokitaja, kina sura 14, na mitandao hiyo imepewa sura moja tu. Miaka sita baadaye, 2012, Krizhevsky, Sutskever na Hinton wa Toronto wakaingia mashindano ya ImageNet ya kutambua picha kwa mtandao wa tabaka nyingi. Makosa yao yalikuwa asilimia 15.3, na aliyewafuatia asilimia 26.2. Mwaka 2024 Bishop huyo huyo, safari hii na mwanawe Hugh, akatoa kitabu kizima juu ya mitandao hiyo hiyo. Hakuna mara hata moja aliyodanganya. Kila kitabu kilisema kweli ya mwaka wake. Lakini kijana aliyepewa cha 2006 peke yake angeiona mitandao kuwa jambo la pembeni. Na sura zake za mwanzo, khasa za hesabu za uwezekano, hazijazeeka hata kidogo.

Kozi nazo ni hivyo hivyo. Mwaka 2011 Andrew Ng wa Stanford alifundisha bure mtandaoni, wakajiandikisha watu wapatao 100,000. Mazoezi yalikuwa ya Octave. 2022 kozi ikaandikwa upya kwa Python. Namna ya kuteremka hatua kwa hatua kuelekea kosa dogo kabisa imebaki vile vile. (Vyeti siviongelei, anayetaka kutundika ukutani atundike.)

Mimi kijana akiniuliza, namuuliza kwanza hesabu zake za skuli: vekta, matriki, uwezekano. Akiwa dhaifu namwelekeza kwa James, Witten, Hastie na Tibshirani, An Introduction to Statistical Learning, kinachopatikana bure na lugha yake ni nyepesi. Hapo pia pana mtego. Toleo la 2013 halina sura ya mitandao yenye kina, la 2021 linayo, na la 2023 lina mazoezi ya Python. Majina yanakaribia kuwa mamoja, basi mwambieni atazame mwaka kabla hajaanza kuchapisha kurasa.

Wasalaam.