Kasumbalesa: tansio inaharibu moyo bila mtu kusikia maumivu

Kasumbalesa iko karibu kilometa 90 kutoka Lubumbashi, kwenye mpaka wa Kongo na Zambia. Malori ya shaba na kobalti yanapita hapo kuelekea bandari za Durban na Dar es Salaam. Dereva anaweza kulala siku kadhaa kwenye foleni. Kando yake wanaishi mama wa soko, wabadilisha feza, wabeba mizigo na watu wa duane. Kati yao wako wenye ugonjwa ambao unaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kujulikana: shinikizo la damu, ambalo wengi wanaliita tansio.

Tansio ni nini?

Moyo unasukuma damu ndani ya mishipa. Nguvu ya damu ikibaki juu kila siku, mishipa inakakamaa na moyo unachoka. Kipimo kiko na namba mbili: ya kwanza ni wakati moyo unapiga, ya pili ni wakati unapumzika. Ikifika 140 kwa 90 ao zaidi, kwa siku tofauti, hiyo ni tansio.

Hapa mpakani namba zinaweza kuchanganya watu. Upande wa Kongo wauguzi wengi wanasema "14 kwa 9", upande wa Zambia wanasema "140 kwa 90". Ni kitu kimoja. Mwenye kuambiwa 16 asifikiri yake ni ndogo kuliko ya mwenzake mwenye 160.

Kwa nini Afrika?

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisema watu wazima bilioni 1,28 wako na tansio, na 46 kwa 100 kati yao hawajui. Kwa hesabu hiyo, eneo la Afrika ndilo lilikuwa na kiwango cha juu kuliko yote: 27 kwa 100.

Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2012, ulifuata wagonjwa 1006 wenye moyo ulioshindwa kazi katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na sababu kubwa ilikuwa tansio. Huko Ulaya ugonjwa huo unashika zaidi wazee wa miaka 70 na kupita. Huku unashika mtu ambaye angali analipa masomo ya watoto.

Mambo yanayoleta hatari

Kuna yasiyobadilika: umri, na kuwa na mzazi mwenye tansio. Mengine yanatoka katika maisha ya kila siku.

Chumvi ndiyo ya kwanza. OMS inashauri isipite gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, kwa chakula chote. Makayabu, kibe cha mchuzi na chumvi inayoongezwa juu ya sahani vinapitisha kiasi hicho haraka. Makayabu yalowekwe na maji yabadilishwe mara kadhaa. Bukari na matembele, lengalenga ao maharagi, bila chumvi mingi, inasaidia.

Halafu kuna pombe, bia na lutuku, sigara, kitambi, kisukari, na kukaa kwenye kiti siku nzima bila kutembea. Hata dawa za maumivu kama ibuprofene na diklofenaki, ambazo madereva wanameza kwa sababu ya mgongo, zinaweza kupandisha tansio. Moshi wa makala ndani ya nyumba iliyofungwa nao unaumiza moyo.

"Wamemuloga"

Mtu akianguka ghafla, mdomo ukapinda, mkono ukakosa nguvu ao maneno yakakatika, jamaa wengine wanasema amelogwa. Mara nyingi ni kiharusi: mshipa wa ubongo umeziba ao umepasuka, na tansio ndiyo sababu yake kubwa. Afikishwe hospitali palepale. Kila saa inayopotea inaharibu ubongo zaidi. Maumivu mazito ya kifua nayo hayangojei kesho.

Kupima na kufuata dawa

Kipimo kinachukua dakika chache. Mtu akae ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, mkono uwe sawa na moyo. Asivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Mama mwenye mimba apimwe kila anapokwenda kliniki, kwa sababu tansio ya mimba inaweza kumuua pamoja na mtoto.

Kosa linalorudi mara nyingi ni kuacha dawa kwa sababu mtu anajisikia muzima. Kujisikia hivyo si alama ya kwamba tansio imeisha. Akiacha, tansio inapanda tena kimyakimya. Dereva anayevuka mpaka abebe dawa za safari yote na za siku za foleni pia, maana foleni haijulikani itaisha lini. Na mwenye kupimwa achunge karatasi yake, aionyeshe kwa munganga wa upande wowote wa mpaka.