Mwanga Uliosokotwa

Pale mwalo wa Kirumba, Mwanza, kipande cha kamba kilichokatika mtumbwini kinatosha kufundishia fizikia. Kishike karibu na macho uone nyuzi zilivyozunguka, zote upande mmoja. Mvuvi husema kamba imesokotwa, na akitaka kuifumua anajua aizungushe wapi.

Neno hilo ndilo ninalolitaka kwa istilahi inayotaabisha wafasiri: fosforesensi yenye polarizesheni ya duara, itokayo kwenye fuwele za kikaboni.

Polarizesheni ni neno la Mfaransa Étienne-Louis Malus. Alilitumia mwaka 1811 akidhani chembe za mwanga zina ncha kama za sumaku. Hazina. Kwa nini basi tufasiri kosa lake? Funga kamba kwenye nguzo, uitikise juu na chini: wimbi linakwenda limelala kwenye bapa moja. Sasa zungusha mkono kama anayekoroga uji. Wimbi linajiviringa kamba nzima, kulia au kushoto, kama mzunguko wa skrubu. Huo ndio mwanga tunaousema, na kwangu ni mwanga wa msokoto.

"Kikaboni" nalo lina mtego. Kwa kuwa tunasema kilimo hai, wapo watakaoandika "fuwele hai", na msomaji atadhani zinapumua. Ni fuwele za molekuli zenye kaboni, basi.

Fosforesensi naiacha ilivyo. Karabai ya mvuvi wa dagaa ikizimwa, giza linaingia papo hapo. Kitu chenye fosforesensi huendelea kung'aa. Katika molekuli za kikaboni, elektroni iliyopanda nishati hugeuza spini yake, yaani mwelekeo wake wa kisumaku, na kurudi chini kukawa kugumu, hivyo inachelewa. Kwa kawaida mtikisiko wa molekuli na oksijeni huimeza nishati hiyo kabla haijawa mwanga. Fuwele huzibana molekuli zitulie na kuizuia oksijeni.

Msokoto unatoka wapi? Chukua ganda tupu la Bulinus, konokono anayeeneza kichocho kwenye madimbwi ya kanda hii. Elekeza ncha juu na mdomo kwako: mdomo uko kushoto. Konokono wengi duniani mdomo wao uko kulia. Molekuli nazo zina mikono, ya kulia na ya kushoto. Mwaka 1848 Louis Pasteur alitenganisha kwa mkono fuwele za chumvi ya asidi ya tartariki, kila moja taswira ya mwenzake kwenye kioo. Mbunifu wa leo huchagua molekuli za mkono mmoja na kuzipanga zibanane, ili mwanga uliochelewa utoke umesokotwa. Kazi ni ngumu kwelikweli: kwa molekuli nyingi za kikaboni, mwanga wa msokoto mmoja huuzidi wa msokoto mwingine kwa sehemu kama moja tu katika elfu.

Naandika, basi: fosforesensi ya msokoto, wa kulia au wa kushoto. "Duara" naliondoa, kwa sababu duara hujifunga palepale, na mwanga huu unasonga mbele.