Mwanza na Kisumu: nani alithubutu kujenga?

Wadau, kila nikipita barabara ya Musoma hapa Igoma najiuliza: kwa nini miaka ile wenye mitaji walijenga zaidi Kenya kuliko kwetu?

Wengi hujibu haraka: sheria. Hapana. Tanganyika ilitunga sheria ya kulinda vitega uchumi vya wageni mwaka 1963. Kenya ikafuata 1964. Tuliwatangulia!

Tofauti ilikuja baadaye. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha mabenki na makampuni makubwa. Aprili 1971 ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nani angeendelea kupanga matofali? Kiwanda hakina miguu. Mwenye hofu hununua mali anayoweza kukimbia nayo.

Sikatai, serikali nayo ilijenga. Mwatex ni shahidi. Na Kenya haikuwa peponi: Kicomi ya Kisumu, ya watu binafsi, ilikufa miaka ya 1990, mitumba ikiwa imejaa sokoni.

Sheria mpya tumetunga 1990, 1997, 2022. Karatasi hazijawahi kutupungukia. Mwekezaji, awe Mzungu au Msukuma mwenye mashine ya kukoboa mpunga, anauliza moja tu: kesho bado itakuwa yangu?

Mnasemaje?