Kubana

Wahariri wa video za harusi hawana habari na "kugandamiza". "Ibane kwanza, ndiyo itume," utasikia wakiambiana, nami naona neno lao limewazidi wataalamu. Kugandamiza kunadokeza kwamba kila kitu bado kimo, ila kimeshindiliwa. Sivyo. Programu za kubana video kama x264 hutupa kabisa yale ambayo jicho halitayakosa, na kilichotupwa hakirudi. Huko ndiko kubana kwenyewe, kwa maana ileile ya kubana matumizi: huku unakata, kule unaachia. Ukuta mweupe nyuma ya maharusi hausogei, basi hupewa biti chache. Shangazi anayecheza na kitenge chake cha maua hupewa nyingi, na bado akizungusha nyonga haraka maua yanavurugika kuwa vijisanduku.

Kiasi cha kubana hupangwa kwa namba ya CRF, ambayo kwa kawaida ya x264 ni 23. Ukiipandisha, ubora unashuka. Ukiongeza 6, faili hupungua takriban nusu. (Wengi hudhani namba kubwa ndiyo bora. Ni kinyume.)

Kasi ya kubana nayo ina ngazi zake kumi kwenye x264. Kwenye zile za polepole, kompyuta hutafuta kwa muda mrefu vipande vinavyofanana kati ya fremu na fremu, na kwa ubora uleule faili kwa kawaida hutoka dogo zaidi. Ngazi ya mwisho inakesha kwa faida isiyoonekana, na waundaji wenyewe wameipa jina la kejeli: placebo, dawa isiyo na dawa ndani.