Kuchubua au Kuambua?

"Mwanangu, umeanza kujichubua?" Shangazi alimtupia bintiye swali hilo siku ya tatu baada ya binti kutoka kwa daktari wa ngozi. Pembeni mwa midomo, ngozi ilikuwa imejikunja vipande vyembamba, kama rangi ya zamani kwenye ubavu wa ngalawa.

"Sijajichubua, mama. Nimepakwa asidi hospitalini."

"Ndiyo hayo hayo."

Siyo hayo hayo, ila shangazi simlaumu. Neno ndilo lililomponza. Kuchubua ni kukwaruza: mtoto kaanguka, goti limechubuka. Mitaani neno likahamia kwenye mkorogo, yaani hidrokwinoni, steroidi, mara nyingine hata zebaki, vitu vinavyofifisha rangi ya mwili. Alichofanyiwa binamu yangu ni kingine. Asidi, mathalani ya glaikoliki inayopatikana kwenye miwa, hulegeza kile kinachogandisha seli zilizokufa juu ya ngozi. Zikishatoka, za chini hushika nafasi. Ni tiba ya zamani: Paul Gerson Unna, daktari wa Hamburg, alikwisha kuandika kuhusu asidi ya salisiliki na fenoli mwaka 1882.

Tuiiteje basi? Kumenya kunataka kisu. Kubabua kunanuka moto. Kuchuna tumwachie mbuzi. Kujivua gamba kungependeza, lakini tangu chama cha siasa cha CCM kilipoibeba kauli hiyo mwaka 2011 imebaki na harufu ya majukwaa. Mimi nimeangukia kuambua. Plasta huambuliwa, ganda la mti huambuliwa: kitu kimeshikamana na kingine, kinabanduliwa taratibu. Tena kitenzi hiki kina mwenzake, kuambuka, na siku ya tatu ngozi huambuka yenyewe bila kuguswa. Kwa hiyo nasema uambuaji wa ngozi kwa asidi.

Kinachofuata nakiita matunzo. Wengine huandika matengenezo. Hayo ni ya magari. Uambuaji mwepesi hupona ndani ya wiki hivi, wa kati hufika wiki mbili, na muda wote huo kazi kubwa ni kuuzuia mkono. Kipande kinachoning'inia hakivutwi, kwa sababu kikivutwa hung'oka na ngozi ambayo bado haijawa tayari. Uso huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na viganja vitupu, ukakaushwa kwa kugusagusa, kisha hupakwa vaselini au krimu isiyo na manukato. Krimu za retinoidi husubiri ruhusa ya daktari. Dodoki pia lisubiri. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana shangazi alikuwa amekuja na bakuli la singo, asumini na liwa, apate kumsinga mwanawe "atakate upesi". Singo ni jambo jema, lakini kazi yake ni kusugua, na asidi ilikwisha kuifanya kazi hiyo.

Jua ndilo linaloharibu zaidi. Ngozi nyeusi ikiumizwa hujibu kwa kuzalisha rangi, na ngozi changa ikipigwa na jua la saa sita inaweza kutoa madoa meusi kuliko yale yaliyompeleka mtu kwa daktari. Hivyo mafuta ya kukinga jua ni ya kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu, hata baada ya kupona: SPF 30 au zaidi, mistari miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, na kurudia kila saa mbili ukiwa nje. Mtandio na kofia husaidia, havitoshi.

"Hayo si ya watu wenye ualbino?" shangazi akauliza. Hakukosea sana: mjini Moshi hutengenezwa Kilisun, mafuta ya jua kwa ajili yao. Binti akamwonyesha shavu, pale ngozi mpya ilipokutana na ya zamani. Shangazi akalitazama kwa muda, akavuta kiti, na singo yote akaimalizia kwenye mikono yake mwenyewe.